Askari Aliyeachwa Lindoni

Nyumbani,
Chumba cha mbele.
Jumapili, tarehe tisa.

Mpendwa mwanangu Chiriku,

Pokea salamu zangu kabla ya mengine yote. Hujambo? Mama yako, wifi yangu, anaendeleaje na magoti yake? Mkwe wangu na wajukuu je? Mimi ni mzima, ila meno mawili ya mbele yamenikimbia, kwa hiyo siku hizi nacheka huku nimeziba mdomo. Si kwamba kuna mengi ya kuchekesha.

Ujumbe wako umenifikia. Ulitaka nikupigie, lakini jambo hili simu hailiwezi. Ningeanza kulia, nawe ungedhani mtandao unakatika. Halafu najua tabia yenu ya kuongeza sauti ili nyumba nzima isikie. Barua hii isome peke yako, baba yako asiione.

Unasema kila alasiri baba yako, Afande wetu, anavaa koti, anafunga kamba za viatu mwenyewe ingawa majina yenu yanampotea, anashuka ngazi mpaka mlango wa chini wa jengo. Mkimzuia anawaambia, "Kuna askari nimemwacha lindoni. Hajapokewa. Nakwenda kumpokea." Mkishamrudisha ndani anagoma kula. Daktari anauliza kama aliwahi kupoteza mwenzake vitani, nawe unaniuliza huyo askari ni nani, maana waliomjua ujanani nimebaki mimi tu.

Vita gani, mwanangu? Kaka yangu vita alivisikia redioni kama sisi. Ngoja nikueleze nilivyomjua.

Aliingia jeshini kijana mwembamba hata mkanda ukamzunguka mara mbili. Babu yako alinuna, alitaka amrithi kwenye karakana ya useremala. Huko wakampanga gadi, lango kuu la kambi, na hapo ndipo alipozeekea, kutoka kuruta mpaka sajini. Kazi yake ilikuwa kufungua lango, kukagua magari na kupanga zamu. Wenzake waliorudi na hadithi za mapigano, nyingine zimetiwa chumvi, walimwita Afande Geti. Alicheka nao, lakini lindo lake usingelifanyia mzaha.

Kanuni yake moja alituimbia mpaka tukachoka. Askari haondoki lindoni mpaka mwenzake aje, asimame mbele yake, aseme, "Nimekuja kukupokea," naye ajibu, "Hali shwari." Bila maneno hayo huondoki, hata njaa ikuume vipi. Safari moja aliyepaswa kumpokea aliugua, na aliyepanga zamu akasahau. Kaka yangu alisimama pale mpaka kesho yake mchana. Alikuja likizo miguu imevimba, anajisifu kama aliyeteka mji. Nilimkanda kwa maji ya moto huku namwita mjinga.

Likizo hizo mama alituachia nguo zilizoanikwa tuziangalie zisinyeshewe, naye akanifundisha kupokezana lindo. Mimi binti mzima, wachumba wameshaanza kubisha hodi, nimekakamaa mbele ya shuka mbichi napiga saluti. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Alipostaafu alirudi hapa na pensheni yake na sanduku la bati. Utakumbuka alivyokukagua mlangoni kabla ya shule, kama lori la mizigo. Mama yako alikuwa akimfukuza jikoni kwa sababu ya kupanga vikombe mstari mmoja. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka kwenye ndoa yangu sina mbele wala nyuma, akanipa chumba hiki asiniulize neno. Miaka ile nyumba ilikuwa na kelele, na wewe peke yako ulitosha kwa kelele hizo, ndiyo maana nikakuita Chiriku.

Kisha ukapata kazi ya uuguzi huko, ukaja kuwachukua. Sikukulaumu, na leo sikulaumu. Baba yako hakutaka kuondoka, alikubali kwa ajili ya mama yako aliyetaka kuwa karibu na wajukuu. Siku ya safari mlipokuwa mnapakia mizigo kwenye teksi, alinifuata kibarazani na lile koti lake la kahawia, akanitia funguo za nyumba mkononi. Akasimama wima. Akasema, "Nakukabidhi lindo. Usiondoke mpaka nije kukupokea." Nilijua ananitania ili nisilie. Nami nikajikaza kisabuni, nikapiga saluti, nikajibu, "Sawa, Afande." Wewe ulikuwa umeshaingia garini, hukuona.

Basi askari huyo ni mimi, Chiriku. Hakuna mwingine.

Niliposoma maneno yake kwenye ujumbe wako nilikaa kitandani mpaka chungu kikaungua jikoni. Bila shaka jina langu nalo limempotea, lakini anajua kuna mtu kamwacha. Nilifurahi, nikaona haya kwa kufurahi, kisha nikalia.

Maana sitakuficha, upweke umenikaa vibaya. Vyumba vyenu navifagia ingawa hakuna anayevichafua. Jirani yetu fundi cherehani, aliyekuwa akija kupiga soga, amehamia kwa mwanawe. Siku nyingine neno langu la kwanza ni la kumfukuza paka wa watu, na nikishamfukuza namwita arudi. Jioni nakaa kibarazani na funguo mfukoni mpaka taa za barabarani ziwake. Wapita njia nawaambia napunga upepo.

Sasa sikiliza la kufanya. Msimwambie kwamba hakuna askari, mtamtesa bure. Alasiri akishavaa koti, simama mbele yake wima, usicheke, umwambie, "Afande, yule askari amepokewa. Hali shwari." Akiuliza nani kampokea, mwambie koplo wa zamu. Cheo anakiamini kuliko jina. Kisha mvue viatu, umpe chakula kingali moto.

Najua si kweli. Hapa hajaja mtu, na kaka yangu hatarudi, sote tunalijua hilo hata kama hatulisemi kwenye simu. Lakini yeye amesimama vya kutosha. Miguu yangu mimi bado ina nguvu.

Nisalimie wifi yangu, mwambie asimfungie mlango kwa ufunguo, kwa mtu wa lango hiyo ni aibu kubwa. Wajukuu nawabusu mmoja mmoja. Mkwe wangu nimemwona kwenye picha, kitambi kimempendeza. Mungu awafunike nyote, ampe baba yako usingizi mwema, nawe akuongezee subira ya kumbeba kama alivyokubeba.

Wako akupendaye,
Shangazi wa chumba cha mbele.

Nilitaka kusahau: akikuuliza kama yule askari alichoka, mwambie hakuchoka.