Marahaba Niliyokujibu

Otilia mwanangu,

Barua hii naiandika kwa mkono wangu. Mdogo wako Osmund alitaka kuniandikia, nikamkatalia. Darasa la nne la enzi zetu lilikuwa darasa, si la kuchezea. Yeye kazi yake ni kuipiga picha na kuituma huko kwenye simu za watu, maana namba yako haipatikani, na wanaosema wamekuona kila mmoja anataja mji wake: huyu Masasi, huyu Mbinga, huyu ng'ambo ya Ruvuma. Basi itasomwa na watu. Waisome. Mimi sijawahi kuogopa watu.

Unaikumbuka mashine ya kusaga pale Lizaboni? Songea nzima hakukuwa na fundi wa kusaga kama mimi, waulize. Mahindi mabichi niliyajua kwa mlio tu, kabla unga haujatoka. Mkanda ukilegea, mwenye mashine alikuwa bado anapiga soga, mimi nimeshazima. Wewe ndiye uliyeniletea chakula cha mchana. Ulikuwa mdogo, unapanda juu ya gunia, unanishika sikio la kulia kama mkono wa kikombe, unasemea humo ndani: "Baba, mama kasema ule kabla ugali haujapoa!" Ukishuka, kichwa cheupe kwa unga kama bibi kizee. Mashine ile ndiyo iliyokula masikio yangu, kidogo kidogo, kama panya na gunia. Sikujua. Au nilijua.

Maana wewe uliniambia. Ulikuwa umeshakuwa msichana mkubwa, uani, unanisemesha mara tatu, ya nne ukapaza sauti: "Baba, husikii!"

Nikasimama. "Unanifokea mimi? Mimi nasikia kuliko nyie wote mliomo humu. Usinipandishie sauti tena mpaka naingia kaburini."

Ukasema, "Nisamehe, baba." Na kweli hukunipandishia tena. Ulikuwa mtoto mtiifu. Laiti ungekuwa jeuri kama mimi.

Mwaka huu bodaboda ilinikumba Bombambili. Dereva anaapa alipiga honi tangu mbali. Osmund akanipeleka hospitali, si kwa hiari yangu. Wakanifungia kwenye chumba kidogo kama stoo, wakanivika vitu masikioni na kunipa kitufe: ukisikia mlio, bonyeza. Mimi sishindwi mtihani. Nikabonyeza. Nikabonyeza tena. Binti wa pale akafungua mlango, akaniinamia: "Babu, bado sijawasha." Osmund alitoka nje kwenda kuchekea huko.

Wakasema nivae kifaa cha kusikilizia; nilitaka kile kidogo kinachozama ndani, mtu asikione. Binti akasema, "Hicho hakikufai, babu, masikio yako yameshaenda mbali. Chukua hiki cha nyuma ya sikio." Akanionyesha cha rangi ya pinki, eti hiyo ndiyo rangi ya ngozi. Nikamwuliza, ngozi ya nani? Nikachukua cheusi. Akaniusia nivae kidogo kidogo kila siku mpaka kichwa kizoee. Wao wanaita kifaa, mimi naona ni mashine, na mashine hanifundishi mtu. Nikavaa kutwa nzima. Jioni nilitapika.

Hakuna aliyeniambia dunia imekuwa na kelele namna hii. Mfuko wa nailoni unalia kama mabati. Nasikia meno yangu mwenyewe yakitafuna. Nikiegemea mto, kitu kinapiga mluzi. Mama yako amezoea kunifokea miaka yote hii, sasa hawezi kuacha. Namwambia, mama Otilia, nasikia. Anafoka, "Najua unasikia!" Na sauti yake si ile niliyokuwa nayo kichwani. Imezeeka, inakwaruza, na mimi sikuwepo ilipokuwa inazeeka.

Lakini si hayo yaliyonifanya nishike kalamu. Wiki ya tatu nilikuwa nimekaa kibarazani napukuchua mahindi. Mama yako na dada yake wako jikoni. Wamezoea kusema lolote nikiwa karibu, kama vile mimi ni kinu. Nikasikia jina lako. Mama yako mkubwa anauliza, "Hivi siku ile alimwambia nini hasa baba yake?"

Mama yako akasema: "Alipiga magoti akamwambia, baba, naomba nirudi nyumbani, mwenzangu ataniua. Mzee akamjibu marahaba. Akamwambia wasalimie huko."

Gunzi likanitoka mkononi.

Siku ile naikumbuka, Otilia. Ulikuja asubuhi na gari la Namtumbo, mkoba mmoja. Ukapiga magoti kama tulivyokufundisha, uso chini, kitenge kimekushukia usoni. Shikamoo yako niliiona, nikaiitikia. Ukaendelea kusema, uso uleule chini. Mdomo sikuuona, sikio halikupata kitu. Nikajua ni salamu za wakwe, maana binti akitoka kwa mume huleta salamu. Nikasema, marahaba, marahaba, nao wasalimie sana huko. Ukainua uso ukanitazama. Nikakuchekea. Mungu wangu, nilikuchekea. Ukaingia kwa mama yako, hata maji hukunywa, ukatoka na mkoba wako. Mimi nikadhani unawahi gari. Kumbe ulirudi kwa yule mtu, na baadaye ukatoweka, na mimi nilichoambiwa ni kwamba umemkimbia mumeo. Nikakutukana mbele za watu.

Nikaingia jikoni. Nikamwuliza mama yako, "Kwa nini hukuniambia?"

Kwa mara ya kwanza akashusha sauti. "Nilijua umesikia," akasema. "Si ndivyo ulivyo?"

Hapo ndipo penye nyongo. Kutosikia si kitu, wazee wengi hawasikii. Ila hakuna mtu katika nyumba hii aliyeshangaa. Mke wangu, Osmund, wewe mwenyewe, wote mlilipokea jibu lile kama jibu langu halali. Nimetamba sana kwenye vikao vya ukoo, kwamba binti yangu akiolewa ameolewa, kwangu si stendi ya kwenda na kurudi. Mliniamini.

Na wewe nakulaumu, sitaficha. Kwa nini hukusema mara ya pili? Muuza nyanya hurudia mara kumi kwa ajili ya nyanya. Wewe uhai wako umeusema mara moja, tena chinichini. Halafu nakumbuka ni nani aliyekukataza kupaza sauti, nanyamaza. Nikinyamaza ndani napo kuna kelele, na hiyo binti wa hospitali hana pa kuipunguzia.

Mwezi uliopita mumeo alikuja na wazee wawili, anadai tumekuficha. Mimi nimevaa kofia yangu ya pama, mashine iko chini yake. Akaongea kwa sauti kubwa maneno ya asali: "Shikamoo baba, sisi ni familia moja." Kisha akamwegemea mwenzake, taratibu: "Huyu hasikii kitu, ataitikia tu kama siku zote. Yule nikimpata safari hii, atatambaa."

Kama siku zote. Kwa hiyo alikuja mara ngapi, akasema ya namna hiyo mbele yangu, nami nikaitikia na kumpa mkono?

Nikamwambia, "Hilo la mwisho hebu rudia."

Mzee mmoja akatazama viatu vyake.

Nikasema, "Otilia ana kwao. Toka kwenye kiti changu."

Wakaenda. Nilitaka kutamba, nikaangalia huku na huku, wa kumtambia hayupo.

Wapo watakaosoma hapa waseme mzee kapata kisingizio, sikio. Nami sitadanganya: sijui ningekujibu nini siku ile kama ningesikia. Ninavyojijua, huenda ningesema neno baya zaidi. Nimeliwaza hilo mpaka nimechoka, silipatii mwisho. Lakini yule mzee wa siku ile hakuulizwa, maana hakusikia. Aliyeulizwa ni huyu wa juzi, mwenye gunzi mkononi. Na huyu anasema rudi.

Chumba chako mama yako ameshatoa magunia. Kama una mtoto mgongoni, njoo naye. Na kama huko uliko umepata usingizi wako na hutaki kutuona, basi usirudi, sitakutumia wazee wala sitakutafuta kwa nguvu. Ukaidi huo umeutoa kwangu, naujua. Ila mtu yeyote atakayekuona, namwomba akuonyeshe mstari huu, hata kama mengine yote hutaki kuyasoma: hukufukuzwa.

Mimi baba yako mzazi,
Msamala, Songea.