Kura Moja ya Chake

Ijumaa, 15 Januari 1999

Barafu! Si theluji — barafu hasa, miti yote imevaa vioo. Ijumaa ya mwisho ya Ramadhani na msikitini hatukwenda. Nimetoka kazini Riverdale, kwa wazee ninaolipwa kuwatunza huku ughaibuni, natembea kama kuku aliyefungwa miguu.

Yasir, ndugu yangu wa kwa baba, kapiga simu. Beltsville umeme umekatika, nyumba jokofu, mzee anatetemeka na swaumu yake. Je, amlete kwangu Lanham? Huku taa zinawaka. Nikasema mlete, kwani ni wa kuulizwa? Nimeshaweka simu ndipo nikamkumbuka Mama, yuko juu chumbani!

Baba na Mama hawajakaa chini ya paa moja tangu mwaka sitini na moja. Nilikuwa na miaka tisa. Mwaka mzima sasa Baba yuko kwa Yasir, dakika kumi na tano kwa gari, na hawajaonana.

Nikapanda kumwambia. Akakunja msala taratibu. "Pilipili anakula bado?" Basi. Hilo tu.

Jumamosi, 16 Januari

Sinia mbili za futari. Moja chini kwa Baba, moja juu kwa Mama, na mimi katikati na ngazi kumi na tatu. Magoti yananiuma.

Nahla, binti yangu, kauliza kwa Kiingereza chake kwa nini bibi anafuturu peke yake. Nikamwambia, uchaguzi. Akacheka — bibi alikuwa mwanasiasa?

Hakuwa. Mwaka hamsini na saba walipiga kura wanaume tu. Januari ya sitini na moja na wanawake wakaruhusiwa, na kwetu kisiwani Chake nzima ikagawika vyama viwili, Hizbu na Afro, mpaka maziko watu hawazikani. Baba Hizbu wa kufa. Mjomba, kaka yake Mama, Afro. Baba akaapa barazani mbele za watu: mke wangu akiwapa Afro kura, hana ndoa. Talaka ya sharti. Chuoni, kwenye Kurani, tulifundishwa: sharti likitimia, talaka imepita, lisipotimia, ndoa ipo.

Mama alipanga foleni tangu asubuhi. Akatoka, akapita mlangoni petu asiingie, moja kwa moja kwa Mjomba. Nikamkimbilia. Akaniambia, rudi kwa baba'ko.

Zilipohesabiwa, Hizbu kaangushwa jimbo letu kwa kura moja. Moja! Mji mzima ukasema ni ya Mama. Watoto wenzangu chuoni wakanipa jina: mtoto wa kura moja.

Baba akaoa, akazaliwa Yasir. Mama walimposa watatu, akawakataa wote. Watu wakasema ana kiburi.

Jumapili, 17 Januari

Beltsville bado giza. Baba kaniuliza tarehe. Nilipomjibu akaacha tasbihi. "Ndiyo siku yenyewe ya kura."

Kisha akanambia jambo. Siku ile chama kilimpa lori, asombe vikongwe na wagonjwa kutoka mashamba waje kupiga kura. Kasomba mchana kutwa. Safari ya mwisho kikongwe mmoja kasahau bakora, wakairudia. Wakafika, mlango umefungwa.

"Sikupiga, Mwatime. Mimi, niliyewapigia watu kelele wasilale majumbani! Ningepiga, tungekwenda sare."

Nikauliza nani anajua. Hakuna. Alimwacha Mama aibebe lawama hiyo yeye. Akataka nipande nikamwambie. Nikasema hapana, Baba, samahani, hilo la kulisema mwenyewe.

Nimesali, nimelia. Ya Rabi, sikuombi makubwa. Sinia moja tu, wao wawili, na mimi pembeni nawamiminia maji ya mikono. Wenzangu walilelewa hivyo, wala hawakujua kuwa ni kitu.

Jumatatu, 18 Januari

Kumbe Baba ana moyo. Baada ya magharibi kajivuta mpaka chini ya ngazi, kashika ukuta.

"Mama Mwatime!"

Miaka mingapi sijasikia sauti ile ikiita jina lile! Akayasema yote, lori, bakora, mlango, sauti juu kama muadhini. Nahla na mimi jikoni tunasikiliza.

Mama, huko juu:

"Miaka thelathini na minane nabeba kura yako. Na wewe hukuniuliza hata siku moja nilimpa nani."

"Uliondoka. Nikajua."

"Ulijua! Mtu anaiweka ndoa yangu sandukuni mwa kura, halafu anajua!"

Mlango ukafungwa. Baba kasimama pale mpaka nikamshika mkono. Mwezi umeandama, kesho Idi. Nimekaanga sambusa bila kuonja.

Jumanne, 19 Januari — Idi

Yasir kapiga simu asubuhi. Umeme umerudi, wakitoka kuswali anakuja kumchukua mzee. Siku tano chini ya paa moja na hawajatazamana! Nimemvisha Baba kanzu yake, nimemkalisha sebuleni, mfuko wake tayari mlangoni.

Naandika jikoni, sijui nikae wapi. Sasa hivi Mama ameshuka. Kichwa wazi! Mama huyu, ajifunikaye hata kwa kijana wa kusoma mita nje ya dirisha! Nywele nyeupe, mbichi za mafuta, kanga mabegani tu. Kapita mbele ya Baba, kaketi kiti cha kumwelekea, kaanza kuchana.

Baba kageukia ukuta. "Mwatime, mwambie mama'ko ajistiri."

Mama wala hakuacha kitana.

"Nijistiri na nani?"

Baba kageuka polepole, anamtazama. Kitana kinapita. Yasir anapiga honi nje, ya pili sasa, na hakuna aliyeinuka.