Mlango wa Bluu

Jumanne, 12 Novemba. Asubuhi mvua, ziwa halikuonekana.

Yule mama aliyekimbia vita Kongo amekataa tena kuingia chumba changu cha ushauri.

"Dada, anayepita mlango ule wa bluu, jioni kambi yote inajua amebakwa."

Rangi hiyo niliichagua mimi, wanawake wasipotee.

Nikachukua ungo, tukakaa jikoni tukichambua maharage. Akasema yote bila kuniangalia. Mwishoni akauliza, "Leo siku ya pili. Dawa ya kuzuia Ukimwi bado itanisaidia?"

 Nikampeleka hospitali. Daktari kasema hajachelewa.

Nilidhani ningefurahi. Nimerudi nyumbani Gungu, nimekula dagaa, sisikii kitu.

Kesho nitaomba maharage ya mgao yahifadhiwe chumba kile, kila mwanamke awe na sababu ya kuingia.

Nalala saa sita na robo.