Nimemjazia Mkwe Fomu ya Rufaa kwa Kubahatisha

Mpendwa Mama Apolonia, shikamoo. Mimi ni msomaji wako wa hapa Geita na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja na mimi nitakuandikia, maana barua za wenzangu nilikuwa nazisoma huku nacheka, leo zamu ni yangu na kicheko kimeniisha, nakuomba unisome hadi mwisho hata kama mwandiko unakimbia, kwa sababu mwenyewe sikai, naandika mstari mmoja nasimama, nachungulia dirishani, narudi tena kitini.

Mimi ni tabibu katika zahanati ya watu binafsi, tawi la kliniki moja ya Shinyanga mjini ambayo mwenyewe ni Daktari Mamta, bingwa wa magonjwa ya akina mama, na zamani mgonjwa akitushinda tulikuwa tunamwandikia karatasi ya rufaa anaibeba mwenyewe, wengine inalowana na mvua, wengine wanaifungia karanga, basi mwaka huu wa 1999 binti yake daktari, Sneha, ambaye amesomea kompyuta, ameitengenezea kliniki ukurasa kwenye intaneti na ndani yake ameweka fomu ya rufaa, sisi wa matawi tunaijaza kwenye kompyuta, simu inapiga kelele zake, fomu inafika Shinyanga kabla mgonjwa hajapata hata nauli, na wao wanaangalia majibu na kuamua nani aje kesho na nani asubiri. Ni jambo zuri, silipingi. Ila fomu hiyo haina huruma, ukiacha swali moja wazi haiondoki, inakurudisha pale pale kwa maandishi mekundu.

Sasa mama mkwe wangu aliletwa kutoka Nyarugusu na mke wangu Nyamizi, anaumwa tumbo la chini, amekonda mpaka nikashtuka, ingawa hata huko kushtuka nilikufanya kwa pembeni, maana unajua huku kwetu Usukumani mkwe hatazamwi usoni wala hapewi mkono, na tangu nimeoa mimi na yeye hatujawahi kukaa chumba kimoja. Yeye alikaa barazani amegeukia barabarani, kanga kichwani, mimi ndani kwenye kompyuta, Nyamizi mlangoni anapeleka maneno. Nikasema, muulize mama tumbo linaumaje. Akajibu huko nje, "Mwambie baba linauma tu." Nikauliza tangu lini. "Mwambie baba siku nyingi." Swali lililofuata kwenye fomu lilikuwa je, mgonjwa anatokwa na damu kwenye njia ya uzazi, chagua ndiyo au hapana, na chini yake je, umempima mwenyewe. Mama Apolonia, hebu niambie. Nitatamkaje maneno hayo kwa mke wangu yakapelekwe kwa mama yake, na sauti yangu inasikika pale nje? Nesi wetu Limi, ambaye ndiye angemuuliza, alikuwa amekwenda vijijini kuchanja watoto, na simu iliyokuwa imekatika kwa siku kadhaa ndiyo kwanza imerudi, nikaogopa itakatika tena, nikachagua hapana, nikachagua nimempima, nikajaza na mengine ya kichwani mwangu, nikatuma.

Jibu likaja kwamba si mgonjwa wa haraka, aje mwezi ujao. Na kama hilo halitoshi, Sneha ameisifu fomu yangu kwa matawi yote kuwa ndiyo ya kwanza kujaa bila kasoro, ameichapa, akafunika jina la mgonjwa na kuibandika ukutani kule Shinyanga wengine waige, na Daktari Mamta anasema mimi ndiye nitakayewafundisha wenzangu. Nilipopigiwa simu ya pongezi nilisema asante. Ningesema nini?

Juzi Nyamizi amenijia akimlilia mama yake. "Baba Ndaki, mayu anatuficha. Kanga zake anazifua mwenyewe alfajiri hataki niguse. Ni damu, na damu ya mwezi ilishakoma hata Ndaki hajazaliwa." Mimi ni tabibu, najua damu ya namna hiyo kwa mama wa umri ule inaweza kuwa nini. Tangu hapo wagonjwa nawauliza jambo moja mara mbili, nafungua kompyuta nafunga, fomu iliyokwisha kwenda hairudi. Nimewaza nitume nyingine kwa jina la mdogo wake mama, nijifanye ni mgonjwa mpya. Nimewaza ninyamaze tu, mwezi ujao si mbali, watamwona huko huko. Nikisema ukweli nafukuzwa, nikianza kupekua mambo ya mkwe ukweni watasema sina adabu, na mama mwenyewe anaweza kukataa safari kwa aibu. Nifanyeje nimsaidie mama huyu bila kumvunjia heshima na bila kuharibu kazi yangu?

Tabibu Asiyetulia, Geita

*

Baba Ndaki, marahaba. Majina nimeyabadilisha yote, la mtoto pia, kwa hiyo hilo lisikusumbue. Una mengine ya kukusumbua.

Nianze na bahasha yako. Kwa muhuri wa posta, imekaa njiani wiki nzima, na gazeti nalo lina siku zake. Wewe una simu mezani, una kompyuta inayofika Shinyanga kabla chai haijapoa, halafu habari ya mama anayetokwa na damu ukaamua kunitumia mimi kwa posta! Nilipofika hapo niliiweka barua chini nikazunguka uani kwa hasira.

Pole, hata hivyo. Mimi nimeolewa huko huko Usukumani, na baba mkwe wangu tulimzika sijawahi kumpa mkono, kwa hiyo simwambii mtu kwamba mambo ya wakwe ni ya kupuuza. Ungemuuliza kwa sauti pale barazani ningekushangaa. Kunyamaza sikulaumu. Nakulaumu kwa kuandika hapana wakati ulikuwa hujui, na kuandika umempima mtu ambaye hata uso wake hujawahi kuutazama. Fomu ilikukatalia? Ungeiacha ikatae, ukapiga simu useme nina mgonjwa ambaye siwezi kumuuliza.

Na hiyo heshima tuiangalie vizuri. Mkwe anaepukwa ili asiaibike. Sasa hivi mama anainama peke yake alfajiri na beseni la kanga, na wewe umebandikwa ukutani unasifiwa. Nani anakingwa hapo, yeye au wewe?

Lile wazo la kutumia jina la mdogo wake lifute kabisa kichwani. Ugonjwa wa huyu, jina la yule, daktari atibu nani? Tabibu mzima unawaza hivyo! Na kunyamaza mpaka mwezi ujao usikurudie tena. Unajua damu ile inaweza kuwa nini, umeniandikia mwenyewe.

Piga simu leo. Muombe Daktari Mamta mwenyewe, usiongee na Sneha wala mtu wa mapokezi. Anza na damu, mwambie na hedhi ilishakoma miaka mingi, ndipo useme fomu ile uliibahatisha na kwa nini. Utetezi wako uweke mwisho, kama atauuliza. Limi na Nyamizi wakae na mama kwenye chumba chenye mlango, wewe toka, nenda hata sokoni kanunue nyanya. Limi aulize, Limi apime, Limi ajaze fomu na kuweka jina lake. Mama akisita, Nyamizi amwambie kwamba daktari ni mwanamke na kwamba mkwe wake hatakanyaga huko. Wewe baki na Ndaki. Simu ikiwa imekatika usikae kuingojea, waandikie karatasi kama zamani wapande basi la kwanza, na wala wasiifungie karanga.

Kuhusu kazi sitakudanganya, unaweza kuipoteza. Daktari anaweza pia kukubakiza kwa kuwa umesema kabla hajagundua, mimi simjui. Akikubakiza, mwambie binti yake aongeze jibu la tatu kwenye fomu, sijaweza kumuuliza, maana matabibu wenye wakwe huko kwenu hawataisha.

Limebaki moja, na hili hukuniuliza. Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta mahali uliposema umemwambia Nyamizi ulichojaza. Hapapo. Yeye anaamini huo mwezi ujao ni uamuzi wa daktari, ndiyo maana bado analilia begani kwako. Ukishaweka simu chini, mtafute umwambie wewe mwenyewe. Wanawake wengi wa Geita wananisoma, Baba Ndaki, na kubadilisha majina hakutamzuia mtu kuijua kanga ya mama yake.