Gundi ya Muhogo na Kabati la Serikali

Mwalimu Wandera,

Vitabu vimekuja. Nimeliweka neno hilo mbele ya salamu kwa sababu najua ungenikatiza: "Salamu baadaye, Adikini, lete habari." Vililetwa na lori la wilaya, majuma sita baada ya sisi kukuzika nyumbani kwa baba yako kule Busia. Majuma sita tu, Mwalimu! Miaka yote ile ulikuwa ukiiandikia serikali kuhusu maktaba za shule, ukizipeleka barua mwenyewe Tororo kwa baiskeli, ukirudi na vumbi na ahadi. Siku maboksi yaliposhushwa wenzangu walipiga vigelegele. Mimi nilikwenda nyuma ya choo cha wasichana nikalia. Nilikukasirikia, nakwambia kweli. Ungengoja kidogo.

Safari hii serikali haikufanya mzaha. Imetenga fungu la maktaba, na shule yetu hapa Paya imo. Vitabu vya hadithi vya Kiswahili, vya Kiingereza, hata vya lugha yetu ya Dhopadhola, vyote vipya, vinanukia wino. Pamoja navyo kabati la chuma lenye kufuli. Wewe na kasha lako la vitabu, la bati, chini ya meza ya darasa la tano, sijui ungelitazama vipi lile kabati. Ufunguo nilipewa mimi, maana kila mtu anajua kazi hii nilijifunza kwako.

Mwalimu mkuu akaniambia, "Adikini, hii ni mali ya serikali. Inspekta atakuja kuangalia. Akikuta imeharibika, hatuletewi zingine." Sikuhitaji kuambiwa mara mbili. Nilivipenda vile vitabu kupita kiasi. Watoto walivisoma Ijumaa tu, mle mle chumbani, mikono imeoshwa, nami nimesimama mlangoni kama askari wa forodha wa mpakani Malaba. Kengele ikilia, vinarudi kabatini. Hata kimoja hakikwenda nyumbani kwa mtu.

Kabla ya likizo nikasema nivivalishe majalada kama ulivyonifundisha, kwa karatasi za mifuko ya saruji na gundi ya unga wa muhogo. Unaikumbuka siku yangu ya kwanza? Nimetoka chuo cha ualimu Nagongera na cheti changu kipya, nimevaa viatu virefu, nangoja unionyeshe darasa. Ukanipa mwiko. "Koroga. Ukiacha kukoroga inafanya mabonge." Nilidhani nimepelekwa jikoni kwa makosa.

Na Jumamosi zile za Malaba! Malori yamepanga foleni, madereva wamechoka kungoja, wewe unatoka lori moja hadi jingine na mfuko wako: "Ndugu, umemaliza kusoma hiyo?" Nilikuwa naona haya, nakaa nyuma nikijifanya sikujui. Dereva mmoja wa Mombasa alikupa kitabu kisicho na jalada wala kurasa za mwisho, nawe ukashukuru kana kwamba umepewa ng'ombe. Ukawaambia watoto waandike mwisho wao wenyewe, ukaushonea ndani kwa uzi wa gunia.

Aliyerudisha kitabu kimechanika hukumchapa. Ulimtuma kwao alete konzi ya unga wa muhogo, akae akibandike mwenyewe. Ndiyo maana watoto wako wote wanajua kuunga kitabu.

Basi nikavivalisha vitabu vya serikali kimoja kimoja, nikafunga kabati, tukaenda likizo.

Nilipofungua, harufu ilinitangulia kunieleza. Mende, Mwalimu. Na panya, aliyepata upenyo kwa nyuma ambako bati halikukaza. Walikuwa wamefuata gundi kwa uaminifu, mgongo kwa mgongo, wakala na uzi na pembe za kurasa. Nani asiyejua kuwa muhogo ni chakula? Sisi huku tunaula asubuhi na jioni. Niliwapikia, nikawaandalia, nikawafungia mlango wasisumbuliwe. Nilikaa sakafuni.

Nilipotulia, swali likanishika. Vitabu vyako vilikuwa na gundi hiyo hiyo, na sikuwahi kuona panya amevigusa. Nikajiambia huyu mzee alikuwa na dawa aliyochanganya kwenye uji, na hiyo akanificha. Miaka yote namkorogea! Iliniuma. Siku ya gulio nikamfuata mkeo Nagongera, nikamkuta mbele ya karanga zake, nikamuuliza ulikuwa ukitia nini. Alicheka mpaka akafuta macho kwa kanga. "Dawa gani, mwanangu? Kitabu ya huyu mzee ililala lini kwa kasha? Ilikuwa inalala kwa watu."

Ndipo nikaliona tena kasha lako. Kila nilipolifungua, lilikuwa na vitabu viwili vitatu, siku nyingine hakuna kitu. Mimi nilikuwa nadhani ule ni umaskini wetu.

Nilirudi na kumweleza mwalimu mkuu yote, maana mficha uchi hazai. Alishika kichwa. Nikamwambia vilivyoliwa tuwape watoto waviunge, na vyote, vizima na viraka, viende nyumbani kwao. "Na inspekta?" akauliza. Kisha mwenyewe akasema polepole, akitazama dirishani, "Hata mimi nilimpelekea unga." Sikuwa najua kuwa naye alipita mikononi mwako akiwa mtoto, Mwalimu. Jumatatu yake watoto wakaja na unga kwenye vikombe na makaratasi. Kufikia Ijumaa kabati lilikuwa tupu.

Inspekta alikuja wiki iliyopita. Alifungua kabati, akalitazama, akanitazama. "Vitabu ya serikali iko wapi?" Nikasema, "Iko kwa watu, mzee." Mwalimu mkuu alikuwa pembeni yangu, nasikia anavyopumua. Inspekta akasema apelekwe akaone.

Tukaenda nyumba ya karibu, kwa Akoth wa darasa la nne. Tulimkuta uani anamsomea bibi yake anayemenya muhogo. Bibi hajui kusoma, lakini kitabu anakijua. Anamrudisha mtoto nyuma akiruka mahali. Inspekta akanyoosha mkono aonyeshwe kile kitabu. Bibi hakuinua hata kichwa. "Ngoja kwanza. Hatujamaliza."

Mwalimu, inspekta wa wilaya alikaa juu ya kinu kilicholazwa, akangoja. Hadithi ilipokwisha akakipokea, akapitisha kidole kwenye mgongo uliobandikwa, akaandika kwenye daftari lake kwa muda mrefu. Hakutuambia aliandika nini. Hatujui kama fungu la pili litakuja au tutakatwa kwenye orodha, na siwezi kukudanganya kwamba siogopi. Nikisikia lori barabarani, natoka kuchungulia.

Sasa nikuungamie moja. Kile kitabu cha dereva wa Mombasa, chenye mwisho wa watoto na mishono yako, mkeo alinipa tulipotoka mazishini. Nimekifunga ndani ya vazi langu la gomesi, chini kabisa ya sanduku, na sikumwambia mtu. Huwa nakitoa nakinusa. Nimewaambia watoto wa watu waache vitabu vitembee, na chako mwenyewe nimekificha. Jana nilikitazama kwenye mwanga. Mende wameanza pembeni.

Nimepika gundi leo asubuhi, nimekibandika. Akoth atakuja kukichukua baada ya masomo, na mkono wangu bado hautaki. Lakini nitampa. Nakuahidi, Mwalimu, likija fungu jingine au lisije, sitafunga tena kitabu chochote, na nitakapokuja Busia kupalilia kaburi lako sitakuletea hata kimoja cha kukuonyesha. Ukiniona mikono mitupu, ujue kazi inaendelea.

Pumzika sasa. Huyo, namsikia anabisha.

Mkorogaji wako,
Adikini