Zamu ya Mkunya

Jumatano, Newala mjini

Mkunya tena! Siku ya sita mfululizo natumwa kupima mtandao wa simu kijiji kile kile, na kipimo kinafeli, kwa sababu mtandao wenyewe haupo. Na majibu ya kusema haupo lazima yatumwe kwa mtandao, nikiwa pale pale kijijini.

Bosi wangu, yuko zake Masasi, anasema kompyuta inapanga kwa haki: kijiji kilichoanza kupimwa na hakijakamilika ndicho kinatangulia. Basi Lukuledi na Nanganga, vijiji vinavyofuata kwenye orodha yangu, wasubiri mpaka kiama.

Mkataba wangu unaisha mwezi huu na sijamaliza hata kijiji kimoja. Naogopa, kusema kweli.

Leo pale Mkunya, bombani, nilimwamkia Mama Somoe, msimamizi wa foleni ya maji. Alikuwa anaisogeza nyuma ndoo iliyotoboka.

"Ikizibwa itarudi," akasema. "Wenzake wana kosa gani?"

Laiti bosi angemsikia! Nikamuaga, nikasema labda hatutaonana tena. Akacheka, akanionyesha ndoo ya bluu kwenye foleni.

"Hiyo yako, mwanangu. Si uko hapa kila siku? Kesho usichelewe."

Ratiba ya kesho imeingia sasa hivi. Mkunya.

Nimetega alamu ya alfajiri. Kibarua sijui, lakini zamu yangu ya maji hainipiti.