Kikohozi kwenye mfongo

Jumanne, Juni. Manyunyu tangu alfajiri, mlima umejifunika gubigubi, na roho yangu haijatulia.

Nipo nyumbani Kirua Vunjo. Jana nilimpandisha baba kutoka mjini kwa ubishi wake mwenyewe. Alhamisi anatolewa figo ya kushoto, lakini leo ilikuwa zamu ya ukoo wetu kusafisha mfongo, ule mfereji unaoleta maji ya mlimani kwenye migomba, na baba hajawahi kuikosa. Nilibishana naye mpaka nikachoka.

Mfongo huohuo ndio uliotuponza. Mwaka jana alipoanza kukojoa damu, kila mtu alisema ni kichocho, maana maisha yake yote amesimama majini na jembe. Akameza dawa za kichocho, damu ikakoma, tukatoa shukrani kanisani.

Damu ilirudi.

Safari hii vipimo vya mjini vikaonyesha uvimbe wa saratani kwenye figo, na daktari akatueleza taratibu. Uvimbe ule haukai kimya. Unamwaga protini nje yake, na protini hiyo inaita mishipa mipya ya damu ije kuulisha, tena inalegeza nyama za jirani mpaka saratani ipate pa kupita. Ikishapata njia, mara nyingi hukimbilia mapafuni.

Baba alisikiliza, akasema, "Kumbe inajichimbia mfongo wake."

Daktari hakucheka. Alisema picha ya kifua ni safi, ila kikohozi chochote aambiwe mara moja. Akamuuliza baba kama anakohoa. Baba akasema hapana, nami nikamwamini.

Leo alikaa juu ya jiwe akiwaelekeza wenzake, akiwatania kwamba wanashika jembe kama wanakoroga chai. Nilicheka kweli. Nikasema moyoni, huyu mzee atapona.

Kisha akainama akakohoa. Alikohoa muda mrefu, mkono kifuani, na baba zangu wadogo wakajifanya wanatazama maji. Akajifuta mdomo kwa leso, akaikunja upesi na kuitia mfukoni kabla sijaiona vizuri.

"Ni vumbi tu, mwanangu."

Vumbi! Sote tulikuwa na matope mpaka magotini.

Naogopa sana. Kesho tunashuka mjini na nitamwambia daktari mimi mwenyewe, baba aninunie akitaka.

Sasa hivi yuko nyuma ya nyumba, anafua ile leso. Tangu nizaliwe sijawahi kumwona baba akifua.